Njia ya mkato ya kibodi

(nomino, ngeli ya I-/ZI-, wingi: njia za mkato za kibodi)

Kitufe kimoja, au vitufe kadhaa vinavyobonyezwa pamoja au kwa kufuatana, ili kompyuta itekeleze kazi ambayo vinginevyo ingehitaji kipanya au uchapaji mrefu. Istilahi hii hujumuisha amri za kawaida, kama vile Ctrl+C ya kunakili, Ctrl+X ya kukata na Ctrl+V ya kubandika. Hujumuisha pia vifupisho ambavyo mtumiaji hujiwekea mwenyewe ili herufi chache zigeuke fungu zima la maneno. Makala haya yanahusu zaidi aina hii ya pili, kwa kuwa ndiyo inayogusa sarufi ya Kiswahili.

Neno mkato peke yake halitoshi. Katika uakifishaji, mkato ni jina jingine la koma. Anayeambiwa "bonyeza mkato" ana haki ya kutafuta alama hiyo. Kuhusu kibodi, wapo wanaopendelea baobonye. Matumizi yaliyoenea ni kibodi hii, kibodi hizi, ingawa ki- ya mwanzo imewavuta baadhi ya wasemaji kusema kibodi hiki, vibodi hivi.

Kiswahili cha ofisini kilikuwa na vifupisho kabla ya kompyuta: Yah., Kumb. Na., S.L.P., k.n.y. Hivi hubaki vifupi kwenye karatasi, na msomaji huvifungua kichwani. Vingine husahaulika asili yake kabisa: Soweto, jina lililotoka Johannesburg na sasa ni la mtaa jijini Mbeya, liliundwa kwa silabi za mwanzo za South Western Townships. Kifupisho cha kompyuta ni tofauti, kwa sababu mashine hukifungua kabla msomaji hajakiona. Kosa lililomo ndani yake, kwa hiyo, hujirudia katika kila waraka bila mwandishi kulichapa upya.

Mfano mzuri ni kazi ya steshenari za mitaani, kama ilivyo katika mtaa huo wa Soweto: barua za maombi ya kazi, mikataba ya pango, hati za mauziano ya viwanja. Njia iliyozoeleka ni kufungua waraka wa mteja aliyetangulia na kubadilisha maneno machache. Tuseme barua iliyoelekezwa kwa Halmashauri ya Jiji la Mbeya inatakiwa sasa iende Iringa. Mchapaji anaiamuru kompyuta igeuze "Jiji" kuwa "Manispaa" na "Mbeya" kuwa "Iringa". Matokeo yake ni *Halmashauri ya Manispaa la Iringa. Jiji lilitawala la. Manispaa hutaka ya, na kompyuta haikuambiwa hivyo.

Kosa hilo ni la aibu tu. Katika hati ya mauziano linaweza kuwa la hasara. Kiwanja kikiuzwa na ndugu wawili, "muuzaji" akageuzwa "wauzaji" kwa amri moja, hati itasomeka: *wauzaji amepokea fedha zote. Je, wamepokea wote wawili au mmoja wao? Kiambishi kimoja kilichobaki nyuma kinaweza kuleta ubishi ambao mashahidi wataitwa kuuamua.

Kwa hiyo, kipashio kinachofaa kufanyiwa njia ya mkato katika Kiswahili ni kirai au sentensi kamili pamoja na upatanisho wake. Neno moja moja halifai. Mchapaji awe na kifupisho kimoja cha "Halmashauri ya Jiji la Mbeya" na kingine cha "Halmashauri ya Manispaa ya Iringa". Awe na sentensi ya muuzaji mmoja na nyingine ya wauzaji wengi. Vitenzi na vivumishi viachwe nje, isipokuwa vimo ndani ya sentensi isiyobadilika.

Uchaguzi wa herufi nao una siri yake. Alfabeti ya Kiswahili haina q wala x. Kifupisho kinachoanza kwa mojawapo ya herufi hizo hakiwezi kugongana na neno la Kiswahili: xjm kwa Jiji la Mbeya, xmi kwa Manispaa ya Iringa, xjmt kwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Anayechagua "jina" kuwa kifupisho cha jina lake kamili atajuta katika sentensi ya kwanza yenye neno hilo.

Katika Microsoft Word, vifupisho huwekwa kwenye orodha ya masahihisho ya kujiendesha, iliyomo katika chaguo za programu, sehemu ya uhakiki wa maandishi. Kushoto huandikwa kifupisho, kulia maneno kamili. Ukichapa kifupisho na kubonyeza nafasi, maneno hujitokeza. Orodha hiyo hufuata lugha ya matini, hivyo kifupisho kilichowekwa chini ya Kiingereza kinaweza kisifanye kazi katika aya iliyowekewa Kiswahili. Kwa aya ndefu ni afadhali kuziteua, kubonyeza Alt+F3 na kuzipa jina. Baadaye huchapwa jina hilo na kufuatiwa na F3. LibreOffice Writer hutumia F3 vilevile, ila uhifadhi huanza kwa Ctrl+F3. Njia ya F3 ni salama zaidi, kwa kuwa haifungui kitu mpaka iombwe.

Orodha hiyohiyo ya masahihisho huja na mambo ambayo mwandishi wa Kiswahili hakuyaomba. Kipengele (c) cha mkataba hugeuka ©, na neno linalofuata taz. au mf. hupewa herufi kubwa kana kwamba sentensi mpya imeanza. Ctrl+Z ikibonyezwa papo hapo hurudisha kilichochapwa. Dawa ya kudumu ni kuifuta (c) kwenye orodha na kuongeza taz. na mf. kwenye orodha ya visivyoguswa.

Kwa wafasiri: alama ya + katika Ctrl+C isisomwe "jumlisha". Iandikwe "bonyeza Ctrl pamoja na C", au, kwa anayeanza, "shikilia Ctrl, kisha ubonyeze C". Majina ya vitufe hayatafsiriwi, kwa sababu msomaji atayatafuta kama yalivyochapwa kwenye kibodi.