Ukingo wa Mto Rufiji katika Sheria na katika Usemi wa Wenyeji

Katika bonde la Rufiji ya chini, tangu zamani ardhi hutajwa kwa maji yapitayo juu yake zaidi ya kwa urefu na upana wake. Mpunga hupandwa kwa mvua kabla ya furiko, ukakua pamoja na maji yapandapo. Maji yakiisha kushuka, tope lililobaki hupandwa mahindi, kunde na maboga. Zamani na pamba pia. Kilimo hicho cha pili huitwa mlau. Neno hili lakusanya mahali, majira na kazi, wala halina mpaka wa kudumu, maana mto wenyewe huhama: palipolimwa mwaka huu paweza kuwa mkondo wa maji miaka michache baadaye.

Serikali zilileta mstari. Wadachi waliitenga mikoko ya delta kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1898. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamishia watu miinukoni. Bonde likawa mahali pa kulima, si pa kukaa. Lakini shamba lisilo na mlinzi huliwa na nguruwe na nyani. Watu wakarudi kulala madunguni kwa miezi, na dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miguu ya miti, likawa nyumba kwa mkulima na si nyumba kwa mwandishi wa daftari. Utata huo uliwafaa wote wawili.

Sheria za baadaye hazikuacha nafasi kubwa kama hiyo. Sheria ya Ardhi ya 1999 yaruhusu ardhi iliyo ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto itangazwe kuwa ardhi ya hatari. Sheria ya Mazingira ya 2004, katika kifungu cha 57, yakataza ndani ya meta hizo kazi za kudumu, au ziwezazo kudhuru hifadhi. Mwaka huohuo eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Hapo maneno mawili yana uzito kuliko tarakimu. Ukingo ni upi: wa kiangazi, au wa Aprili? Meta 60 zikihesabiwa kutoka ule wa kiangazi, huangukia penye mlau bora kabisa. Na je, kazi irudiayo kila mwaka, ikafutwa na maji kila mwaka, ni ya kudumu? Mkulima aweza kuwa mkosaji au asiwe, kwa tafsiri ya neno moja.

Tangu Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzuia maji huko juu. Hata hivyo mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba mengi Rufiji na Kibiti. Furiko lenyewe, lililokuwa kipimo cha wenyeji, sasa lategemea pia milango ya bwawa. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 yaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kupanga ardhi yake. Humo mlau waweza kuandikwa kwa jina lake, pamoja na miezi yake, badala ya kugawanywa baina ya kilimo na hifadhi.