Nani Mdhamini? Montreal, Los Angeles na Neno Dhamana

Miongoni mwa maneno ambayo lugha yetu imeyabebesha mizigo mingi, neno dhamana halikosi kutajwa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni ya deni: mdhamini husimama nyuma ya mdaiwa, na mdaiwa akishindwa kulipa, yeye hulipa. Maana hiyo ingali hai mahakamani, ambako mshitakiwa hutoka kwa dhamana. Lakini twasema pia kwamba waziri fulani ana dhamana ya elimu, yaani amekabidhiwa kazi hiyo, wala hatutarajii ailipie kutoka mfukoni mwake. Twasema vilevile bodi ya wadhamini, yaani watunzaji wa mali ya wengine. Na viwanjani, mdhamini ni kampuni itoayo fedha ili jina lake liandikwe kwenye jezi.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kuzitenga maana hizo si kazi ya wanaisimu peke yao. Historia ya Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 na ile ya Los Angeles ya mwaka 1984 yatufundisha kwamba, katika kuandaa mashindano makubwa, swali lisilofaa kuahirishwa ni hili: nakisi ikitokea, nani atailipa?

Montreal

Wasomaji wetu wengi wanaikumbuka Montreal kwa sababu nyingine. Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi zaidi ya 20 za Afrika zilizosusia michezo hiyo, kwa kuwa New Zealand ilikubaliwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Hivyo Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, hakukimbia, na medali ya dhahabu ya mbio hizo ikachukuliwa na John Walker wa New Zealand.

Wakazi wa Montreal wenyewe wanaikumbuka michezo hiyo kwa deni lake. Mji huo ulipewa uenyeji mwezi Mei 1970, ukizishinda Moscow na Los Angeles. Meya wake, Jean Drapeau, aliahidi michezo ya kujilipia yenyewe: fedha zingetokana na sarafu na stempu za ukumbusho, pamoja na bahati nasibu. Mwaka 1973 makisio yalikuwa dola za Kanada milioni 310, na meya alitamba kwamba michezo kupata nakisi ni sawa na mwanamume kujifungua mtoto.

Mambo hayakwenda hivyo. Uwanja mkuu, uliobuniwa na msanifu Roger Taillibert wa Ufaransa, ulikuwa mgumu mno kujengwa. Kazi ilichelewa kuanza, migomo ikaikatiza, na bei za vifaa zikapanda baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973. Mwezi Novemba 1975 serikali ya jimbo la Quebec ililazimika kuunyang'anya mji kazi ya ujenzi na kuikabidhi kwa chombo chake yenyewe. Michezo ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1976 ilhali mnara wa uwanja haujakamilika, na gharama zilikwisha kupita dola bilioni moja.

Tuutazame sasa mpango wa dhamana. Serikali ya shirikisho ilikuwa imetaka mapema ahadi ya maandishi kwamba haitaombwa kufidia nakisi. Katiba ya Olimpiki nayo iliutwika mzigo wa fedha mji mwenyeji. Mradi makisio yalisema hakutakuwa na nakisi, mzigo huo ulionekana mwepesi. Nakisi ilipozaliwa, waliolipa ni wananchi wa mji na wa jimbo, ambao hawakuwahi kuitwa wadhamini. Ushuru wa tumbaku uliowekwa kwa ajili hiyo uliendelea kutozwa hadi deni lilipomalizika mwaka 2006, miaka 30 baada ya michezo.

Los Angeles

Kutokana na mfano huo, miji ikaogopa. Tehran ilipojitoa, Los Angeles ilibaki peke yake kuiomba michezo ya mwaka 1984, na aombaye peke yake huweza kutoa masharti. Mwezi Novemba 1978 wapiga kura wa jiji hilo walirekebisha katiba ya jiji ili kuzuia fedha zao zisitumike kwa michezo bila kurudishwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakubali kuiweka kando kanuni yake. Dhamana ya fedha ikachukuliwa na kamati binafsi ya maandalizi, iliyoongozwa na Peter Ueberroth, pamoja na Kamati ya Olimpiki ya Marekani.

Kwa kuwa anayepanga ndiye aliyekuwa na deni, mipango ilibadilika. Uwanja uliotumika ni ule wa Coliseum, uliokwisha kutumika katika michezo ya mwaka 1932. Wanariadha walilazwa katika mabweni ya vyuo vikuu. Haki za matangazo ya televisheni ziliuzwa kwa shirika la ABC kwa dola milioni 225. Makampuni ya matangazo, ambayo Montreal yalikuwa mamia na kila moja likitoa kidogo, yalipunguzwa yakawa machache yaliyolipa sana. Ikapatikana ziada ya zaidi ya dola milioni 200, na asilimia 40 yake ikabaki kusini mwa California kuendeleza michezo ya vijana.

Haifai kuusifu mfano huu kupita kiasi. Los Angeles ilikuwa na viwanja tayari, na sehemu ya gharama za ulinzi ilibebwa na serikali ya shirikisho. Hata hivyo, kila upande ulijua tangu mwanzo ni nani atakayedaiwa.

Kazi ya mfasiri

Jaribu sasa kuieleza habari hiyo kwa maneno tuliyoyazoea: jiji lilikataa kuwa mdhamini, kamati ikawa mdhamini, kisha wakatafutwa wadhamini. Msomaji atapotea. Vivyo hivyo sentensi "Serikali itakuwa mdhamini wa mashindano" yaweza kusomwa na maofisa watatu kwa namna tatu: kwamba Serikali itasimamia, kwamba itachangia, au kwamba italipa nakisi yote.

Jambo hili latuhusu. Mwezi Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na mwezi Agosti 2025 zikaandaa pamoja Mashindano ya Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani.

Mdhamini kwa maana ya kampuni ya matangazo limekwisha kuzoeleka kwa umma, na si busara kulipiga vita. Neno mfadhili halifai mahali pake, maana mfadhili hutoa bila kudai malipo. Twapendekeza basi kwamba katika mikataba na nyaraka za serikali mdhamini wa matangazo aitwe hivyo kwa ukamilifu. Atakayelipa upungufu aitwe mdhamini wa nakisi. Na aliyekabidhiwa kazi asemwe kuwa ana jukumu, si dhamana. Hati isiyomtaja mdhamini wa nakisi irudishwe kwa mwandishi wake kabla ya kufasiriwa, naye aulizwe ni nani.