Jina na Hadubini: Historia Fupi ya Mikroglia na Tatizo la Kuziita kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba uhusiano baina ya neno na kitu ni wa nasibu. Kutokana na fundisho hilo huelekea kudhani kwamba jina halina nguvu yoyote juu ya kitu chenyewe. Historia ya sayansi inatutaka tuwe na tahadhari. Ni kweli kwamba jina halibadilishi kitu. Lakini laweza kuamua kama kitu hicho kitatafutwa, na kazi gani kitadhaniwa kuwa nayo. Makala haya yanakusudia kuonyesha jambo hilo kwa mfano wa mikroglia, yaani seli ndogo zilizotapakaa katika ubongo na uti wa mgongo, ambazo leo zajulikana kuwa na nafasi kubwa katika afya na maradhi ya ubongo. Tutafuata kwanza historia ya kugunduliwa kwake, kisha tutauliza swali linalotuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili: tuziiteje?

2. Gundi ya neva

Mnamo 1856 tabibu Mjerumani Rudolf Virchow aliandika juu ya dutu inayojaza nafasi zilizo baina ya neva. Aliiona kuwa kiunganishi tu, akaiita neuroglia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Jina hilo lilibeba nadharia nzima ndani yake, kwani gundi hushika vitu pamoja, nayo yenyewe haitendi lolote. Haishangazi, basi, kwamba katika miaka iliyofuata juhudi kubwa zilielekezwa kwenye seli za neva. Mwitaliano Camillo Golgi aligundua mwaka 1873 namna ya kuzitia rangi nyeusi kwa chumvi ya fedha, na Mhispania Santiago Ramón y Cajal akaitumia njia hiyo kuchora umbo lake kwa ustadi mkubwa. Wote wawili walitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1906.

Si kwamba hakuna aliyeshuku. Mwaka 1899 Franz Nissl alieleza seli nyembamba mithili ya vijiti katika ubongo wenye ugonjwa, akadhani kwamba zaweza kuhama na kumeza uchafu. Lakini aliziweka bado katika ukoo wa gundi.

3. «Kitu cha tatu»

Mwaka 1913 Cajal alitambua kwamba, mbali na seli za neva na zile seli za gundi zenye umbo la nyota, kulikuwa na kundi jingine ambalo rangi zake hazikuweza kulidhihirisha. Aliona viini tu, bila matawi. Aliliita kundi hilo «kitu cha tatu». Hilo halikuwa jina hasa. Lilikuwa namba iliyowekwa mahali ambapo jina lilikosekana.

Aliyelijaza pengo hilo ni Pío del Río-Hortega, aliyezaliwa mwaka 1882 katika jimbo la Valladolid. Alifanya kazi Madrid, na kwa kutumia karbonati ya fedha alifaulu kutia rangi kile ambacho mkubwa wake hakukiona. Katika makala zake za mwaka 1919 alionyesha kwamba «kitu cha tatu» kilificha vitu viwili. Kimoja alikiita mikroglia, na kingine, mnamo 1921, akakiita oligodendroglia.

Maelezo yake juu ya mikroglia yanastaajabisha hata leo. Alisema kwamba seli hizi hazitoki katika chimbuko moja na seli za neva, bali huingia ubongoni wakati kiumbe kinapokua tumboni. Kwamba katika ubongo mzima huwa na matawi membamba. Na kwamba ubongo ukijeruhiwa hukunja matawi hayo, huvimba, hutembea kama amiba, na kumeza mabaki ya seli zilizokufa.

4. Ugomvi wa majina

Ugunduzi huo ulizua mzozo, na kiini chake kilikuwa jina. Kabla yake, Mskoti William Ford Robertson alikuwa amekwisha kueleza seli fulani akiziita mesoglia. Cajal aliandika mwaka 1920 kwamba Robertson ndiye aliyetangulia. Hortega alijibu kwamba seli za Robertson zilikuwa zile ambazo yeye alikuja kuziita oligodendroglia, hivyo jina mesoglia lilikuwa la kitu kingine. Historia imempa haki. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1920 aliondolewa katika maabara ya Cajal, akaendelea na kazi mahali pengine mjini Madrid. Huko ndiko alikofuatwa mwaka 1924 na Wilder Penfield, tabibu mzaliwa wa Marekani, aliyekuja kujifunza njia yake ya kutia rangi. Vita vya Hispania vilipozuka mwaka 1936, Hortega alikwenda uhamishoni: Paris, Oxford, na mwishowe Buenos Aires, alikofariki mwaka 1945.

Baada yake, asili ya mikroglia ilibishaniwa kwa miongo mingi. Ni mwaka 2010 tu ambapo uchunguzi wa panya ulithibitisha kwamba hutokana na seli za mfuko wa kiini cha kijusi, zikaingia ubongoni mapema na kudumu humo.

5. Walinzi, wafagiaji na wapogoaji

Mwaka 2005 watafiti waliweza kutazama mikroglia katika ubongo wa panya aliye hai. Seli zilizodhaniwa kuwa «zimepumzika» zilionekana zikinyoosha na kurudisha matawi yake bila kukoma, kana kwamba zinapapasa jirani zake. Uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba katika ubongo unaokua huondoa maungano ya ziada baina ya neva, kama mkulima anayepogoa mti. Lakini kazi hiyohiyo ikizidi au ikikosa kiasi huleta madhara. Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba watu wenye mabadiliko fulani katika jeni iitwayo TREM2, ambayo ubongoni hufanya kazi hasa ndani ya mikroglia, wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa Alzheimer.

Jambo hili linatugusa karibu. Katika ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, vimelea hupenya hatimaye hadi ubongoni, na mikroglia huamka kupambana navyo. Uvimbe unaofuata ni sehemu ya maradhi yenyewe. Mwaka 1998 wagonjwa karibu 40.000 waliandikishwa barani Afrika, wengi wao katika nchi yetu. Na hapa pia jina lilitangulia maarifa: tunasema «ugonjwa wa usingizi», ingawa mgonjwa mara nyingi hulala mchana na kukesha usiku. Kilichovurugika ni mpangilio wa usingizi.

6. Tuziiteje?

Katika vyuo vyetu elimu ya tiba hutolewa kwa Kifaransa, na mwalimu atakaye kuieleza kwa Kiswahili hukutana na njia tatu. Ya kwanza ni kutafsiri neno sehemu kwa sehemu, tupate «gundi ndogo». Njia hii tunaikataa, kwa kuwa ingeingiza katika lugha yetu kosa la mwaka 1856, ambalo sayansi yenyewe imekwisha kuliacha. Ya pili ni kuunda jina kutokana na kazi, kama «seli askari». Hili linavutia, lakini limebeba nusu ya ukweli: askari hapogoi, wala hafagii. Baada ya miaka ishirini tungelazimika kuliomba radhi.

Ya tatu ni kupokea neno mikroglia kama lilivyo, kwa matamshi yetu. Wapo watakaosema kwamba huo ni uvivu. Sisi twaona kwamba neno geni lisilo na maana ya wazi kwa msikilizaji lina faida moja: halimdanganyi. Utajiri wa Kiswahili hapa haumo katika nomino, umo katika vitenzi. Kupapasa, kutanda, kujikunja, kumeza, kufagia, kupogoa: maneno haya yote yamo vinywani mwa watu wetu, nayo yaeleza mwenendo wa mikroglia kwa usahihi. Waundaji wa istilahi hukusanya majina kwa wingi. Ingefaa wakusanye pia vitenzi, kwani neuroglia ya Virchow ilikuwa nomino iliyoundwa kabla kitenzi chake hakijajulikana.