Mwisho wa Wapanga Herufi

Tangu Johannes Gutenberg aanze kuchapa vitabu kwa herufi za madini mjini Mainz, katikati ya karne ya 15, gazeti au kitabu kilipitia kwanza vidoleni mwa mpanga herufi. Alisimama mbele ya kasha lenye vijumba vingi, akiokota herufi moja moja bila kutazama na kuzipanga mstari kwa mstari, huku akizisoma kinyumenyume. Mwanagenzi alihitaji miaka kadhaa kuwa fundi. Ujuzi huo ulilipwa vizuri, na vyama vya mafundi hao vilikuwa miongoni mwa vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu kubwa.

Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia Linotype, mashine iliyobuniwa na Ottmar Mergenthaler, fundi saa mzaliwa wa Ujerumani. Mwendeshaji alibonyeza vibonye, risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu, mstari mzima ukatoka kwa pamoja. Mtu mmoja akafanya kazi ya watu kadhaa. Hata hivyo ufundi haukufa. Chama cha wapanga herufi cha Marekani kilishikilia kwamba mashine hiyo iendeshwe na fundi aliyehitimu, na kwa kuwa uchapaji ulikuwa umeshuka gharama, magazeti yaliongeza kurasa na kuhitaji watu zaidi.

Kompyuta ilikuja kwa namna nyingine kabisa. Linotype ilibadilisha mikono ya fundi. Kompyuta ilimwondoa, kwa sababu maneno aliyoandika mwanahabari hayakuhitaji tena kupangwa upya na mtu mwingine. Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Mwaka 1974, miaka kumi na moja baada ya mgomo wa siku 114 uliofunga magazeti ya New York, chama cha wapanga herufi wa jiji hilo kilikubali mitambo mipya, nao wanachama wakahakikishiwa ajira hadi kustaafu. Fundi hakutupwa, ila nafasi yake haikurithiwa na mwanagenzi. New York Times liliacha herufi za risasi Julai 1978.

London hapakuwa na mapatano kama hayo. Januari 1986 mmiliki wa magazeti Rupert Murdoch alihamishia magazeti yake kwenye kiwanda kipya cha kompyuta katika mtaa wa Wapping, na wafanyakazi zaidi ya 5,000 waliogoma wakafukuzwa. Waliandamana langoni mwaka mzima. Februari 1987 vyama vyao vilisitisha mgomo, na kazi hazikurudi.