Wala-mukuba walilima kwanza



Watu wakisikia Lualaba wanafikiri shaba na kobalti tu. Sisi tunaoishi hapa Lubudi tunajua kwamba swali la kila asubuhi ni lingine: leo bukari itatoka wapi, na mboga je? Katika nambari hii tunapenda kurudi nyuma kidogo, tuone wazee walikulaje, sisi tulifikaje kwenye mfuko wa unga wa dukani, na kwa nini chama kinasukuma sana kazi ya lupango.

Mwaka 1926 mmisionari Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu ya wayeyushaji wa shaba wa Katanga. Aliwaita kwa jina walilokuwa nalo wenyewe, Balya-mukuba, yaani wala shaba. "Kula" hapo ni kupata mali. Hakuna mutu anatafuna mukuba. Lakini angalieni walivyopanga mwaka wao. Walingoja mvua iishe na mtama uvunwe, mwezi wa tano hivi. Ghala likiwa na kitu, ndipo walitoka kuchimba malakiti, kuchoma makala na kujenga tanuru kwa udongo wa kichuguu. Mvua ikikaribia, walirudi nyumbani kushika jembe. Shaba ilikuwa kazi ya kiangazi, na tumbo lilikuwa limeshibishwa kwanza.

Kaskazini kwetu, kando ya ziwa Kisale, wachimbuaji wa mambo ya kale walifungua makaburi ya Sanga kuanzia 1957. Walikuta vyungu vizuri sana na misalaba midogo ya shaba. Watu wale walikuwa wavuvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mpaka leo samaki ya mukavu ya Upemba inashuka Bukama, inapanda treni na kutufikia. Ile njia ya chakula ni ya zamani kuliko reli.

Reli yenyewe ilifika Bukama mwaka 1918, ikipita hapa kwetu Lubudi. Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na ilihitaji kulisha maelfu ya wafanyakazi. Mahindi yalinunuliwa ngambo ya pili, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Reli ilipofika Ilebo mwaka 1928, mahindi ya Kasai pia yalianza kuteremka. Hapo ndipo poso ilitawala: unga, maharagwe, samaki, mafuta, kwa kipimo cha kampuni. Poso ilizoeleka hivi kwamba katika Lingala neno hilo sasa ni "juma". Mutu alihesabu siku zake kwa chakula alichopewa.

Na kijijini? Tangu 1917 sheria iliwalazimisha watu kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, siku zikafika 120. Yaani mutu wa kambi alilishwa, na mutu wa kijiji alilazimishwa kumulisha. Katika mambo hayo mtama wetu ulisukumwa pembeni, na bukari nyeupe ya mahindi ikawa ndiyo chakula cha heshima.

Gécamines iliendelea na desturi ya kugawa unga. Halafu mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na kampuni ikaanza kuanguka. Wamama wa kambi za Kolwezi na Likasi, ambao waume zao walikuwa wanaleta mfuko nyumbani, walichukua jembe. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Nani alilisha watoto? Ilikuwa mihogo, matembele na lengalenga.

Sisi warudiaji tuliingia katika historia hii kwa mlango mwingine. Kati yetu kuna waliokimbilia Angola wakati wa vita vya 1977 na 1978, na waliovuka kwenda Zambia baada ya 1998. Kule kambini tulionja poso ya pili, ile ya misaada. Lakini waliokaa Meheba, karibu na Solwezi, walipewa pia ardhi ya kulima, na wakajifunza mengi. Ni wao walirudi na tabia ya kupika majani ya maboga na karanga ya kutwanga, ambayo kule wanaita ifisashi. Leo jirani ambaye hajawahi kuvuka mpaka anaipika pia, na kusema ni ya kwao!

Kwa hiyo chakula cha kienyeji siyo kitu kilichosimama. Mahindi, mihogo, karanga na viazi vitamu vyote vilitoka Amerika zamani. Kinakuwa cha kwetu pale ambapo tunajua kukipanda, kukipika na kutunza mbegu yake.

Kwa nini tunasema haya sasa? Mwaka 2024 ukame uliharibu mahindi ya Zambia, na huku Katanga tulisikia uchungu wake sokoni. Nyumba iliyotegemea unga wa mpakani peke yake ilipata taabu. Nyumba yenye mihogo ilichanganya unga wa aina mbili, bukari ikapatikana. Lupango ndogo inatosha kwa mengi: lengalenga inakatwa baada ya wiki chache na inachipuka tena, matembele yanafunika ardhi, sombe iko mwaka mzima. Udongo wa kichuguu, ule ule wa tanuru za wazee, ukisambazwa kwenye matuta unasaidia mboga. Wakati wa mvua, kichuguu kinatupa na bowa bila kulima.

Na kula nje tusikudharau. Mama anayeuza bukari na sombe karibu na gare, au yule wa Kolwezi mwenye michopo ya mbuzi na munkoyo baridi, ni soko la mboga zetu. Mutu wa mgodi akila pale, franka ya shaba inarudi kwa mkulima. Huko ndiko kula mukuba kwa namna ya wazee.

Inabaki hatari moja. Bustani za kiangazi ziko kwenye dembo, karibu na maji, na wanachama wengi hawana karatasi yoyote ya ardhi ile. Katika territoire yetu maeneo ya uchimbaji yanaongezeka. Mutu anaweza kuamka na kukuta alama za mipaka ndani ya vitunguu vyake. Ndiyo maana chama kimeamua kwamba sehemu ya michango ya mwaka huu iende kwenye karatasi za ardhi na mbegu, siyo kwenye mifuko ya unga.

Wafadhili wetu, tunajua mfuko wa unga unaonekana vizuri kwenye picha. Lakini unaisha kwa poso moja. Dembo lenye karatasi litalisha na wajukuu. Wanachama, leteni majina na vipimo vya bustani zenu kwa kamati mbele ya mvua ya kwanza.