Vishale, Mkonge na Daktari wa Ng'ombe

Ghorofa ya kwanza, juu ya agroveti, si mbali na stendi ya matatu ya Kerugoya, kuna baa yenye ubao wa vishale ambao hakuna mteja anayekumbuka uliwekwa lini. Jioni moja ya Julai mwaka jana, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye mabati, mwenye baa aliutoa ukutani aupanguse vumbi. Alipougeuza, mgongoni palikuwa na maandishi yaliyofifia yakisema umetengenezwa Kenya. Mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, alicheka hadi akaweka chupa chini. "Siku hizi hata kikata kucha kinatoka China," alisema, "itakuwaje mchezo wa Mzungu utoke hapa?"

Mzee alikosea, ingawa singemlaumu. Miezi mitano baadaye, Desemba 18, 2025, David Munyua, daktari wa mifugo, alisimama jukwaani katika ukumbi wa Alexandra Palace, London, akiwa Mkenya wa kwanza kucheza kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia ya PDC, shirika la vishale vya kulipwa. Mpinzani wake alikuwa Mike De Decker wa Ubelgiji, bingwa wa World Grand Prix ya 2024, mtu anayekula na kulala kwa vishale. Mbelgiji akachukua seti mbili za kwanza. Ilibaki moja tu. Munyua akashinda ya tatu, akashinda ya nne, akashinda ya tano. Ukumbi ambamo watu huja wamevaa kama ndizi na maaskofu ulikuwa umeshageuka kuwa wake.

Na ubao aliokuwa akiulenga? Tangu 2022 ubao rasmi wa mashindano hayo ni wa Winmau, kampuni ya Uingereza iliyo mikononi mwa Nodor, na mbao za Nodor huundwa Kenya kwa nyuzi za mkonge wa Afrika Mashariki. Munyua alisafiri hadi Ulaya kwenda kurushia kitu cha nyumbani.

Hadithi ya ubao huu inastahili kusimuliwa polepole. Zamani Waingereza walirusha vishale kwenye kipande cha gogo, mara nyingi la mti wa elmu. Mti ulipokauka ulipasuka, kwa hiyo kila usiku baa ilipofungwa ubao ulilazwa majini ili matundu yazibike. Asubuhi ulinuka. Mkemia mmoja wa London, Ted Leggatt, akaunda ubao wa udongo wa kufinyanga usio na harufu, na jina Nodor ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana hiyohiyo. Wachezaji hawakuupenda sana. Walikuwa wamezoea kusikia kishale kikigonga mti, na udongo hauna sauti.

Katika miaka ya 1930 likaja wazo lililomaliza ubishi: chukua nyuzi za mkonge, zikate vipande vifupi, zikaze pamoja kama ufagio uliobanwa, kisha zisimamishe ncha zikimtazama mchezaji. Kishale kinapoingia hakitoboi kitu, kinapenya katikati ya nyuzi. Ukikichomoa, nyuzi zinarudiana na tundu linapotea. Ukitaka kuamini, weka jicho karibu na ubao wowote ambao haujachakaa: utaona maelfu ya vichwa vidogo vya nyuzi, kama nywele zilizokatwa na kinyozi mzuri, na pale kishale kilipokuwa sekunde moja iliyopita huoni kitu.

Mkonge wenyewe ni mgeni kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani. Mwaka 1964 Tanzania ilivuna takriban tani 230,000. Kwa upande wa Kenya, miongoni mwa waliotangulia kuupanda walikuwa walowezi Randall Swift na Ernest Rutherfoord, katika shamba la Punda Milia huko Makuyu, mwanzoni mwa karne iliyopita. Ukipanda matatu Nairobi kuja Kerugoya unaipita Makuyu kabla ya kufika Sagana. Mama zetu wakausokota mkonge huohuo wakasukia viondo. Kisha nailoni ikaja ikaua soko la kamba, na bei ikaanguka vibaya. Lakini nailoni haikuweza kufanya kazi ya ubao wa vishale, na kwa hilo mkonge ukabaki bila mpinzani hadi leo.

Mchezo nao ulifuata njia nyingine. Waingereza walikuja nao kwenye vilabu vyao, ukahamia kantini za polisi na wanajeshi, ukaishia kwenye baa za miji kama Karatina, Nyeri na hii yetu. Vipimo ni vilevile kila mahali: jicho la katikati liko mita 1.73 kutoka sakafuni, na mstari wa kusimama uko mita 2.37 kutoka usoni mwa ubao. Unaanza na 501, unapunguza hadi sifuri, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, ile pete nyembamba ya pembeni, au katikati kabisa ya jicho. Hapo ndipo wanaume wazima huonekana wakitetemeka mkono.

Kerugoya hesabu hupigwa kwa lugha tatu. Mtu anarusha, mwenzake anaita "mirongo itandatu", wa tatu anasema imebaki themanini na moja, na anayeandika chaki anaiandika kwa Kiingereza kichwani mwake. Hakuna kikokotoo. Nimewahi kuona kijana aliyeacha shule darasa la saba akitaja njia tatu za kumaliza 121 kabla mwalimu wa hesabu aliyekuwa kaunta hajapata hata moja. Mwalimu aliagiza soda akahama meza.

Kati ya kijana huyo na De Decker kuna nini basi? Si ubao, wala si umbali wa kurushia. Kuna kalenda. Mchezaji wa kulipwa wa PDC ana kadi ya ziara, na kadi hizo ni 128 tu dunia nzima. Mtu huzipigania Januari, Uingereza au Ujerumani, kwa nauli yake mwenyewe. Akiipata anaingia kwenye mashindano zaidi ya 30 kwa mwaka, karibu yote Ulaya, na nafasi yake duniani hupimwa kwa pauni alizoshinda katika miaka miwili. Hakuna mshahara. Mtu wa Mlima Kenya akitaka maisha hayo anahitaji viza, mahali pa kulala na miezi ya kutopata kitu, hata kabla hajarusha. Ndiyo maana kwa muda mrefu jina la Afrika kwenye vishale lilikuwa moja, Devon Petersen wa Afrika Kusini, aliyetwaa German Darts Championship mwaka 2020, ubingwa wa kwanza wa aina hiyo kwa Mwafrika.

Munyua hakupita njia hiyo. Alipitia mchujo wa Afrika, akaenda London akiwa bado ni daktari wa ng'ombe. Mimi nina dhana yangu kuhusu kazi hiyo, na sitaiacha: mtu aliyezoea kutafuta mshipa shingoni mwa fahali anayerusha mateke, mwenye ng'ombe akimtazama usoni, hawezi kuogopa watu elfu tatu waliovaa kama ndizi. Ushindi wa raundi ya kwanza ulimhakikishia pauni 25,000, zaidi ya shilingi milioni 4. Raundi ya pili Kevin Doets wa Uholanzi akamtoa. Ubingwa, na pauni milioni 1 iliyowekwa kwa mara ya kwanza, vikaenda kwa kijana Luke Littler kwa mara ya pili mfululizo.

Nilirudi kwenye ile baa Januari. Simu zilikuwa zikipitishwa meza kwa meza, kila mtu akitaka kuona tena kile kishale cha mwisho dhidi ya Mbelgiji, na yule mzee wa lori alikuwa akieleza wageni, kwa sauti ya mwenye mali, kwamba ubao huu unatengenezwa hapahapa nchini na kwamba yeye amekuwa akisema hivyo siku zote. Hakuna aliyembishia. Vijana walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye ngazi.

Sehemu ya 20 ilikuwa imechakaa, nyuzi zimelala kama majani yaliyokanyagwa. Mwenye baa alisimamisha mchezo, akakwea kiti, akaichomoa pete ya namba, akaizungusha hadi 20 ikakaa mahali palipokuwa pa 12, kisha akauzungusha ubao wenyewe ili 20 irudi juu, ikiwa mpya. "Haya," alisema akishuka, "nani anaanza?"