Nyuma ya spidomita ya Volkswagen

Jumamosi iliyopita nimeshinda gereji, wadau, na hadi leo kucha hazijatakata. Baba mdogo ana Volkswagen ya mwaka 1965, ile yenye mgongo kama wa kobe, na ameamua kuiuza. Mnunuzi kaweka sharti moja tu: spidomita ifanye kazi. Mshale umelala, namba hazitembei. Basi tukaifungua.

Tulianza kwa kuchomoa betri, ambayo kwenye gari hili iko chini ya kiti cha nyuma. Kisha unafungua boneti ya mbele, ambako hakuna injini bali buti na tanki la mafuta, unatoa kile kifuniko cha nyuma ya dashibodi, na spidomita unaikuta imekupa mgongo. Fundi akalegeza nati inayoshika waya mnene wa spidi, akachomoa vishikizio vya bulbu kimoja kimoja huku mimi nikiandika kwenye karatasi kila waya umetoka wapi (msiruke hatua hii, jamani), akafungua skrubu mbili. Ikasukumwa, ikatokea upande wa dereva.

Kumbe dashi zima ni saa hiyo moja. Hakuna geji ya joto, kwa sababu injini inapozwa na upepo, haina maji. Geji ya mafuta imekaa pembeni peke yake, nayo ina historia ya kuchekesha: hadi mwaka 1961 gari hili halikuwa nayo kabisa. Mafuta yakiisha gari linaanza kukwama-kwama, dereva anageuza kilango karibu na miguu yake, anapata akiba ya lita kama tano za kumfikisha kituoni. Aliyesahau kukirudisha alitembea kwa miguu!

Ubahili huo ulikuwa wa makusudi. Gari lilibuniwa miaka ya 1930 chini ya Hitler, liwe rahisi, lakini raia Wajerumani waliokuwa wakilipia kidogo kidogo hawakulipata, vita ikaja. Mwaka 1945 kiwanda cha Wolfsburg kilikuwa mikononi mwa jeshi la Uingereza, na ofisa mmoja, Meja Ivan Hirst, ndiye aliyekifufua kwa oda ya magari 20,000. Miaka michache baadaye gari hilohilo lilikuwa linakula tope la huku kwetu: lilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Hapo ndipo wazee wetu walipolipenda.

Turudi kwenye saa yenyewe. Ndani yake kuna sumaku inayozungushwa na ule waya, na kikombe cha alumini kilichoikaribia bila kugusana nayo. Sumaku ikizunguka, kikombe kinavutwa, springi ndogo inakizuia, mshale unapanda. Ni ujanja wa Mjerumani Otto Schulze, aliyeupatia hataza mwaka 1902. Waya huo huo ndio unaozungusha namba kwa meno ya gia. Kwa hiyo vikifa vyote viwili kwa pamoja, mshuku waya kwanza. Fundi akaingiza kipande cha chuma nyuma ya saa, akakisokota kwa vidole, na mshale ukaruka. Saa nzima! Waya ndio ulikuwa umekatika, chini kabisa, karibu na gurudumu la mbele unakoanzia.

Hapo fundi akauliza kwa sauti ya chini: "Mzee, maadam iko nje, tuzirudishe namba kidogo?"

Zilikuwa zinasoma maili 41,208. Namba ziko tano tu, zikifika 99,999 zinaanza upya, kwa hiyo zilikwisha kusema uongo zamani bila kusaidiwa na mtu. Mimi, niseme ukweli, nilijikuta nikipiga hesabu ya bei. Baba mdogo akachukua ile saa, akaifuta kioo kwa shati lake.

"Zimezunguka mara mbili," akasema. "Mara ya pili nilikuwa nampeleka mama yako hospitali, wewe unazaliwa. Nitamwambia mnunuzi hivyo hivyo."

Waya mpya tumeagiza. Mnunuzi anakuja Alhamisi, na bei bado hawajakubaliana.